Difu ya gari la kale inapolia: oili mpya, beringi mpya, krauni mpya au difu ya mtumba?

Difu, yaani seti ya gia za ekseli ya nyuma inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, ikilia kwenye gari la kale lenye kuendeshwa na magurudumu ya nyuma ina tiba nne. Unaweza kubadilisha oili na kuendelea na safari. Unaweza kufunga beringi mpya na kuacha krauni (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) zilezile. Unaweza kufunga krauni na pinioni mpya pamoja na beringi. Au unaweza kuitoa difu nzima na kuweka nyingine ya mtumba iliyo nzima. Wengi huchagua kwa kuangalia mfuko, kisha hushangaa kelele inaporudi imeongezeka. Kigezo cha kwanza kiwe aina ya sauti, maana kazi inayomaliza kelele ya beringi inaweza kuzidisha kelele ya meno.

Kwanza hakikisha ni difu

Kelele ya nyuma husafiri kwenye bodi na kuwadanganya hata mafundi wazoefu. Anza na tairi: mlio wake hubadilika lami inapobadilika, na hubadilika ukiongeza upepo. Jaza hadi bar 3 kwa jaribio tu, mradi usipite kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, upite barabara ileile kwa mwendo uleule. Sauti ikibadilika, achana na difu.

Beringi ya gurudumu hunguruma vilevile ukikanyaga mafuta au ukiyaachia, lakini hubadilika gari linapopinda. Ukiyumba taratibu kwenda kulia, uzito huhamia kushoto, na beringi mbovu ya kushoto itanguruma zaidi.

Giaboksi nyingi za magari ya kale huunganisha mhimili wa kuingia na wa kutoka moja kwa moja kwenye gia ya juu, yaani 1:1, kwa hiyo gia za pembeni hazibebi mzigo. Kelele iliyopo gia ya tatu na kupotea gia ya nne kwa mwendo uleule ni ya giaboksi. Kelele inayojitokeza gari likiwa limesimama, gia huru, injini ikizungushwa kasi ileile, ni ya injini au vinavyoning'inia juu yake.

Propela, mhimili mrefu unaotoka giaboksi hadi difu, hutoa dalili tofauti: krosi (kiungo chake kinachopinda) ikiwa kavu hulialia mwendo mdogo, krosi iliyokwisha hugonga mara moja unapoondoka, na propela isiyo na mizani hutikisa kiti katika mwendo fulani tu, kisha hutulia.

Kuisoma sauti yenyewe

Tafuta barabara tambarare na ushike mwendo ambao kelele husikika vizuri, mara nyingi kati ya km 60 na 90 kwa saa. Sikiliza katika hali tatu: ukikanyaga mafuta na gari kuvuta, ukiachia mafuta na injini kulizuia gari, na ukishikilia mafuta kidogo tu, kiasi kwamba gari halivuti wala halizuiliwi.

Meno ya krauni yana nyuso mbili. Uso mmoja hubeba mzigo gari linapovuta, mwingine hubeba linapojizuia. Ndiyo maana mlio wa meno hubadilika sana mguu unapobadilika: mwembamba, wa noti moja, unaopanda na kushuka pamoja na mwendo kama king'ora cha mbali. Mlio unaotokea wakati wa kuvuta tu unaonyesha uso wa kuvutia umechakaa au pinioni haikai mahali pake. Mlio wa wakati wa kuachia mafuta mara nyingi huanza na beringi za pinioni zilizolegea, kwa sababu wakati wa kuvuta pinioni husukumwa itoke kwenye krauni, na wakati wa kuachia huvutwa iingie. Ikiwa kuna nafasi ya kuhama, itahama.

Beringi haitoi noti safi. Hunguruma kwa ukwaru, na haijali sana mguu wako. Beringi za pinioni huzunguka kwa kasi ya propela, kwa hiyo sauti yake huwa ya juu zaidi. Zile za pembeni mwa krauni huzunguka kwa kasi ya magurudumu, na mngurumo wake ni mzito, wa chini.

Kelele ya kwenye kona tu inaelekeza kwenye gia ndogo za ndani, msalaba wake na washa zake, au kwenye klachi za difu yenye kubana (limited-slip) iliyowekewa oili isiyo na kirutubisho chake. Kishindo kimoja kila gurudumu linapomaliza mzunguko ni jino la krauni lililovunjika au kuchubuka: egesha gari, usisubiri.

Simu siku hizi ina programu za kupima masafa ya sauti, na hapa husaidia kweli. Chukua MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, yenye krauni ya meno 43 na pinioni ya meno 11, uwiano wa 3.909. Kama mzingo wa tairi ni mita 1.9, km 80 kwa saa ni mizunguko takriban 702 ya gurudumu kwa dakika, sawa na 2,743 ya pinioni. Zidisha 2,743 kwa meno 11, gawanya kwa 60: unapata kama 503. Programu ikionyesha mlima mkali karibu na Hz 500 kwa mwendo huo, na mlima huo ukahama sawia na mwendo, meno ndiyo yanayolia. Fanya hesabu hiyo kwa namba za gari lako kabla ya kushika spana.

Ukaguzi kabla ya kufungua

Fungua boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ya juu ikikataa kufunguka huku oili imeshamwagika, gari limekwama. Ukungu wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande bapa vinavyong'aa vinatoka kwenye njia za beringi au uso wa meno. Chembe yenye kona ni kipande cha jino.

Shika flenji ya pinioni (sahani inayofungiwa propela) baada ya kufungua propela, itikise juu-chini na mbele-nyuma. Plei (ulegevu) yoyote inayosikika mkononi ni beringi zilizokwisha au nati iliyolegea. Usiikaze tu nati hiyo na kurudisha propela: difu nyingi zina spesa inayojiponda ndani, yaani bomba fupi linalopondeka nati inapokazwa, na kukaza kwa kubahatisha huibana beringi kupita kiasi, ikaungua baada ya muda mfupi.

Kisha pima plei ya meno, yaani nafasi kati ya meno ya krauni na ya pinioni, kwa geji ya mshale iliyogusa jino la krauni, sehemu nne za mzingo. Difu nyingi za magari madogo huhitaji kati ya mm 0.10 na 0.20, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli. Vipimo vinne vikitofautiana zaidi ya mm 0.05, krauni haizunguki sawa: ama uchafu umekaa nyuma yake, ama imepinda, ama beringi ya pembeni imekufa.

Njia nne zikiwekwa pamoja

| | Oili tu | Beringi mpya | Krauni na pinioni mpya | Difu ya mtumba |
|---|---|---|---|---|
| Inafaa sauti ipi | Mlio mwepesi usioongezeka | Mngurumo, plei ya pinioni | Mlio mkali, meno yaliyoliwa au kuvunjika | Yoyote, kama difu mbadala imekaguliwa |
| Muda wa kazi | Saa moja | Siku moja hadi mbili | Siku mbili au zaidi | Nusu siku hadi siku moja |
| Vifaa vya pekee | Hakuna | Puli, presi, maikromita, geji ya mshale, toki renchi | Vilevile, pamoja na rangi ya kupimia mguso | Jeki na stendi imara |
| Hatari kubwa | Kuficha ugonjwa | Meno ya zamani kuanza kulia | Upimaji mbaya, gia duni | Kununua kelele nyingine |
| Kudumu | Haijulikani | Miaka mingi ikipimwa vizuri | Ndefu kuliko zote | Kutegemea ilikotoka |

Oili ndiyo rahisi na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Krauni nyingi za baada ya vita vya pili ni za haipoidi: mhimili wa pinioni hupita chini ya mhimili wa krauni, na meno huteleza huku yakibanana kwa nguvu kubwa. Mtelezo huo huhitaji oili ya daraja la GL-5 yenye kemikali za kuzuia chuma kung'ang'ania chuma. Aliyemwaga GL-4 ya giaboksi ndani ya difu ya haipoidi anaweza kupata mlio ambao oili sahihi ya uzito wa 80W-90 itaupunguza. Kupanda hadi 85W-140, iliyo nzito zaidi, huzima sehemu ya sauti, lakini hakurudishi chuma kilicholiwa. Kama mlio ni mwepesi, sumaku ni safi na pinioni haina plei, hii ndiyo tiba sahihi, na kuendesha gari namna hiyo kwa miaka si uzembe. Sikiliza tena kila unapobadilisha oili. (Wauzaji wasio waaminifu waliwahi kuweka unga wa mbao kwenye difu ili ikae kimya siku ya mauzo. Ukikuta uji wenye nyuzi ndani ya oili, safisha kila kitu kisha uanze uchunguzi upya.)

Tahadhari moja: Peugeot 403 na 404 hutumia gia ya parafujo yenye gurudumu la shaba nyeusi, si krauni ya haipoidi. Kemikali za GL-5 zinaweza kuila shaba, na vipimo vya hapa havihusiani nayo. Fuata kitabu chake.

Beringi mpya ndiyo tiba inayolipa zaidi pale sauti ni mngurumo na meno bado yana sura nzuri. Hesabu ya vipuri ni hii: beringi mbili za pinioni, mbili za pembeni, sili ya pinioni, spesa mpya inayojiponda, nati mpya ya pinioni, shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebishia nafasi) za unene mbalimbali, sili za ekseli, gasketi ya kifuniko, na oili lita moja hadi mbili kutegemea difu.

Penye uamuzi mgumu ni hapa. Krauni na pinioni zilizotembea pamoja miongo kadhaa zimekulana hadi zikapata njia yao. Ukizirudisha kwa vipimo vya kitabu badala ya pale zilipokuwa, zinagusana sehemu mpya, kingo za njia ya zamani zinapanda juu ya nyingine, na difu iliyokuwa kimya inaanza kulia. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, weka alama kwenye jino, pima plei yake, paka rangi na upige picha ya mguso, yaani alama ya mahali meno yanapogusana. Ikiwa plei ilikuwa mm 0.22 na kitabu kinasema 0.15, rudisha 0.22. Kitabu kiliandikwa kwa meno mapya.

Lakini kama beringi zilikwisha zamani na gari likaendelea kutembezwa, meno yamechakaa yakiwa mahali pabaya. Beringi mpya zitayarudisha mahali pazuri, na hapo ndipo yatakapolia. Hakuna shimu ya kuondoa hilo. Ukiona ngazi kwenye uso wa jino inayoshikika kwa kucha, vishimo vidogovidogo, au rangi ya bluu ya kuungua, usipoteze beringi nzuri juu ya meno hayo. Uso uliong'aa tu, bila ngazi, hauna tatizo.

Krauni na pinioni mpya hununuliwa zikiwa jozi, kwa sababu kiwandani hukamilishwa pamoja. Kuchanganya krauni ya jozi moja na pinioni ya nyingine ni kununua kelele, hata kama hesabu ya meno inalingana. Linganisha namba zilizochorwa juu yake. Katika uchaguzi huu ubora wa gia una uzito kuliko hali yake ya upya. Jozi ya zamani ya kiwanda iliyobaki ghalani bila kutumika ndiyo bora. Jozi ya bei ya chini isiyosagwa vizuri inaweza kulia tangu siku ya kwanza hata ikipimwa na fundi hodari, na jozi iliyotumika yenye mguso safi huishinda.

Mpya pia ni nafasi ya kubadilisha uwiano, na hapo kumbuka spidomita inayoendeshwa na giaboksi. Ukitoka 3.909 kwenda 3.07, gari litatembea mbali zaidi kwa kila mzunguko wa propela: spidomita ikisoma 80, mwendo halisi utakuwa karibu 102.

Difu ya mtumba hutegemea sana umbo la nyumba yake. Pale ambapo kichwa cha difu hutoka kizima kwa mbele, kama Ford ya inchi 9 iliyoanza 1957 au difu nyingi za Land Rover Series, kubadilisha ni kuvuta nusu-ekseli, kufungua propela na nati za mzingo, kisha kuinua kichwa kingine ambacho vipimo vyake vya ndani havikuguswa. Kwa nyumba hizo tungeanza na mtumba uliokaguliwa kabla ya kufikiria krauni mpya. Kwa ekseli ya aina ya Salisbury, ambayo gia hupimwa ndani ya ekseli yenyewe, mtumba maana yake ni ekseli nzima au kupima upya, na faida hiyo hupotea.

Kagua mtumba ukiwa na kifuniko wazi. Zungusha pinioni kwa mkono mizunguko kumi: isiwe na ukwaru wala sehemu nzito. Hesabu meno yote ya krauni na ya pinioni, usiamini kibati. Tazama nyuso zote mbili za kila jino, pima plei sehemu nne, na linganisha idadi ya splaini (meno ya ncha) za nusu-ekseli na matundu ya flenji na ya gari lako. Difu iliyokaa miaka bila oili huwa na kutu kwenye njia za beringi hata kama meno yanang'aa.

Upimaji: penye kupata au kupoteza kila kitu

Vifuniko vya beringi za pembeni vilichongwa vikiwa mahali pake. Vipige alama kushoto na kulia, juu na chini, kabla ya kulegeza boliti. Ekseli ya Salisbury huhitaji kifaa cha kuitanua ili krauni itoke. Isitanuke zaidi ya takriban mm 0.3, la sivyo haitarudi. Na katika baadhi ya ekseli za General Motors boliti za krauni hukazwa kinyume, kwa hiyo angalia kichwa cha boliti kabla ya kuning'inia kwenye bomba.

Kina cha pinioni hupangwa na shimu iliyo nyuma ya kichwa chake. Ukitumia gia zilezile, rudisha shimu ileile na ufidie tofauti ya beringi tu: kama mpya ni nyembamba kwa mm 0.05, ongeza shimu ya 0.05. Kwa gia mpya, pinioni nyingi zina alama ya kuongeza au kupunguza kwa elfu za inchi, na elfu moja ni mm 0.025. Soma kitabu kujua alama ya jumlisha inamaanisha upande gani.

Ukazo wa beringi za pinioni hupimwa bila krauni ndani. Kwa beringi mpya, difu nyingi hutaka Nm 1.5 hadi 2.5 za kuzungusha, na kwa zilizotumika kama nusu yake. Usipokuwa na kipimo hicho, viringisha uzi kwenye flenji na uvute kwa mizani ya kuning'iniza: kwenye flenji ya nusu kipenyo cha mm 50, kilo 4 ni karibu Nm 2. Soma namba uzi unapotembea, si unapoanza kuvuta. Kaza nati kidogokidogo, ukipima kila mara, kwani spesa hukataa kwa muda mrefu kisha huponda ghafla. Ukipita kipimo, usirudishe nati nyuma. Toa spesa, weka nyingine, anza upya.

Plei ya meno hurekebishwa kwa kuihamisha krauni, ama kwa nati za pembeni, ama kwa shimu. Unene unaotoa upande mmoja ongeza upande mwingine, ili ukazo wa beringi za pembeni usibadilike. Plei haibadiliki kwa kiasi kilekile cha kuhama. Hesabu karibu robo tatu yake.

Sasa paka rangi meno machache, zungusha pinioni huku mwenzako akiizuia krauni kwa kipande cha mbao, na usome mguso. Ukiwa juu karibu na ncha ya jino, pinioni iko mbali: isogeze ndani kwa shimu nene. Ukiwa chini kwenye shina, iko ndani mno. Mguso ukikaa upande wa nje wa krauni, plei ni kubwa; ukikaa upande wa katikati ya krauni, plei ni ndogo. Panga kina kwanza, kisha plei, kisha kagua tena kina, maana kimoja hukisukuma kingine. Mguso mzuri hukaa katikati ya urefu wa jino, labda ukiegemea kidogo upande wa ndani, kwa sababu ukibebeshwa mzigo hutanuka kuelekea nje.

Gia mpya zizoeshwe. Safari ya kwanza iwe ya dakika 15 hadi 20 kwa mwendo wa wastani, kisha difu ipoe kabisa, na urudie mara kadhaa kabla ya safari ndefu. Kwa km 800 za kwanza usivute tela wala kukanyaga mafuta mpaka chini, kisha mwaga oili yote, futa sumaku, ujaze mpya. Ule ukungu wa kijivu utakuwa mwingi mara hii ya kwanza. Ukikuta vipande bapa, fungua kifuniko upime plei kabla ya kujaza.